Mgonjwa wa Parkinson na usiku usiokwisha: dawa inayotiririka ina msaada gani katika usingizi?

Katika Suratul Kahf, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za vijana waliokimbilia pangoni kuilinda imani yao, akawalaza humo miaka mingi. Ndani ya kisa hicho kuna jambo dogo ambalo wengi wetu tunalisoma kila Ijumaa na kulipita: kwamba Allah (S.W.) alikuwa akiwageuza katika usingizi wao, mara upande wa kuume, mara upande wa kushoto. Wapo wafasiri waliosema kuwa hekima yake ni ardhi isije ikaila miili yao. Sisi tulio wazima tunajigeuza kitandani mara nyingi kila usiku, na asubuhi hatukumbuki hata mara moja.

Wapo ndugu zetu ambao neema hiyo imewaondoka. Akilala chali, chali hapo hapo hadi amwite mtu. Tuchukulie mzee mmoja wa miaka sabini. Saa sita ya usiku anamwamsha mkewe: "Mama Salma, nigeuze." Saa saba anataka kwenda msalani. Saa tisa mguu umekaza, vidole vya miguu vimejikunja vyenyewe na maumivu ni makali. Saa kumi na moja muadhini anaadhini, naye amekwishaamka siku nyingi, ila mwili ni kama gogo, hawezi kuketi. Mkewe naye hajalala. Mchana mzee anasinzia kwenye kiti, na watoto wanasema baba siku hizi kazi yake ni kulala tu.

Huyu ni mgonjwa wa kutetemeka, maradhi ambayo madaktari wanayaita Parkinson kwa jina la tabibu Muingereza, James Parkinson, aliyeyaeleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Hata yeye, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, aligusia kwamba usingizi wa wagonjwa wake ulikuwa umeharibika. Hivyo jambo tunalolizungumza leo si geni. Lakini majumbani mwetu, na hata katika zahanati zetu, kinachoangaliwa ni mkono unaotetemeka mchana. Usiku wa mgonjwa hakuna anayeuuliza.

Kwetu hapa hata ugonjwa wenyewe mara nyingi haujulikani. Katika utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 2000, wengi wa waliokutwa na maradhi haya hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wanayo. Wengine waliitwa wazee tu, basi.

Kwa nini usiku?

Ndani ya ubongo, chini kabisa, kuna sehemu ndogo nyeusi yenye chembe hai zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo inayowezesha mwendo kuwa laini: kunyanyua kikombe, kuinuka, kujigeuza. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo zinakufa kidogo kidogo, na zilizokufa hazirudi. Dawa kuu inayotumika ni levodopa, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wengi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini. Huchanganywa na dawa nyingine, kama kabidopa, ili isiharibiwe njiani kabla haijafika.

Ni dawa nzuri mno, alhamdulillah. Ila ina kasoro moja ambayo ndiyo kiini cha makala hii: haikai mwilini. Baada ya saa moja na nusu hivi, nusu ya dawa iliyokuwamo kwenye damu imekwisha. Sasa utauliza, mbona mgonjwa wa miaka ya mwanzo anameza vidonge mara tatu tu kwa siku na anatembea vizuri?

Fikiria nyumba mbili katika mtaa wenye mgao wa maji. Nyumba ya kwanza ina simtanki kubwa. Maji yakitoka saa mbili tu kwa siku, wao wanajaza tangi na wanatumia hadi kesho. Nyumba ya pili haina tangi, haina hata ndoo. Bomba likitoa maji wanaoga na kupika, likikatika wamekauka papo hapo. Mgonjwa wa mwanzo ana tangi bado, maana chembe zilizobaki hai zinaihifadhi dawa na kuitoa taratibu. Miaka inavyopita chembe zinapungua, tangi linatoboka, na mgonjwa anakuwa mtumwa wa bomba. Kidonge kikipanda anatembea, pengine mwili unachezacheza kupita kiasi. Kikishuka anaganda.

Mchana angalau anameza kila baada ya saa tatu au nne. Usiku je? Cha mwisho anameza saa mbili baada ya Ishaa. Kufika saa sita bomba limekauka, na hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna kitu. Hizo ni saa nyingi kuliko mwanya wowote wa mchana, tena ndizo saa ambazo tunataka alale. Kukakamaa, mguu kukaza alfajiri, kushindwa kujigeuza na wasiwasi unaomwingia saa tisa za usiku, kwa sehemu kubwa ni ubongo unaolilia dawa iliyokwisha. Si jini wala si uchawi wa jirani.

Kuna na jambo la tumbo. Kwa wagonjwa hawa tumbo lenyewe ni zito, chakula kinakawia kuteremka, na kidonge kinakawia pamoja nacho. Aidha, levodopa hupita katika ukuta wa utumbo kwa mlango ule ule unaotumiwa na protini. Mgonjwa akimeza kidonge pamoja na sahani ya nyama au maharage, nyama inapita na dawa inasubiri foleni.

Dawa inayotiririka

Ndipo wataalamu wakajiuliza: ikiwa tatizo ni kupanda na kushuka, kwa nini dawa isiingie pole pole kama maji ya bomba lisilokatika? Zimepatikana njia tatu.

Ya kwanza ni apomofini. Mwaka 1988 madaktari wa London walichapisha habari za wagonjwa waliopewa dawa hii kwa pampu ndogo, kupitia kisindano chembamba kinachokaa chini ya ngozi ya tumbo. Jina lake limewatisha wengi. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 ilipatikana kwa kuichemsha mofini pamoja na asidi, lakini kilichotoka si mofini tena. Hailevyi, wala haina kazi ya kilevi. Inafanya kazi ya dopamini moja kwa moja.

Ya pili ni levodopa iliyotengenezwa kama uji mzito. Daktari hutoboa tundu dogo tumboni na kupitisha mpira mwembamba hadi katika utumbo mwembamba, na pampu inayovaliwa mkandani inausukuma uji huo humo. Kwa hiyo lile tumbo zito linarukwa kabisa. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2004, Marekani mwaka 2015. Kwa kawaida hutiririka saa 16 za mchana na jioni, na wengi huizima wakilala.

Ya tatu ndiyo mpya: fosilevodopa, ambayo ni levodopa iliyofanywa iyeyuke vizuri kwenye maji, hivyo inaweza kupita chini ya ngozi bila kutoboa tumbo. Japani iliiruhusu mwaka 2022 na Marekani Oktoba 2024. Hii imekusudiwa itiririke saa zote 24, usiku na mchana.

Je, wagonjwa wanalala? Jibu la haki ni: wengi ndiyo, lakini si kwa kila jambo. Tafiti nyingi za awali zilikuwa ndogo, na mgonjwa alikuwa anajua anachopewa, na mtu akijua amepewa dawa ya ghali hulala hata kwa matumaini. Kwa sababu hiyo nauthamini zaidi utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Neurology. Wagonjwa 46 wenye shida ya usingizi walifungwa pampu usiku tu. Kila mmoja alipitia siku kadhaa za apomofini na siku kadhaa za maji yasiyo na dawa, bila yeye wala daktari kujua ni zamu ya kipi. Usiku wa maji matupu nao ulikuwa na nafuu kidogo (umeona nguvu ya matumaini?), lakini usiku wa apomofini ulikuwa na nafuu kubwa zaidi. Kwa upande wa fosilevodopa, jambo lililoonekana wazi ni asubuhi: waliokuwa wakiamka wameganda walipungua.

Kinachopata nafuu ni kile kilichosababishwa na bomba kukauka, yaani kujigeuza, mkazo wa misuli, mguu wa alfajiri na mwili kufa ganzi wakati wa kuamka. Kuna mengine ambayo pampu haiyagusi. Mgonjwa anayepiga kelele usingizini, anayepiga ngumi na mateke kana kwamba anapigana na wezi, huyo anaigiza ndoto zake. Mtu mzima anapoota, Mwenyezi Mungu ameufunga mwili usitii ndoto. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kufuli hiyo imelegea, pengine miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Hapa ndipo familia nyingi humpeleka mzee kwa waganga, na kama mkewe ameumizwa jicho usiku ndiyo ushahidi kwamba mzee amepandwa. Kisomo cha Qur'ani ni baraka kwa mgonjwa yeyote, msomaji asinielewe vibaya. Lakini kisomo hakikatazi kumwambia daktari, wala hakikatazi kuondoa meza yenye ncha kali pembeni ya kitanda. Mkewe naye alale kitanda cha pili kwa muda, wala si kumtenga.

Kwenda haja ndogo mara nne usiku nako kwaweza kuwa ni Parkinson, na kwaweza kuwa ni tezi dume au sukari. Pampu haitibu tezi dume. Na dawa hizi zenyewe zina madhara yake: uvimbe na maambukizi pale sindano ilipoingia, kichefuchefu, presha kushuka mgonjwa anaposimama, usingizi wa ghafla mchana, na maruweruwe, yaani kuona watu au wadudu wasiokuwepo. Katika dozi inayozidi, dawa iliyokuja kuleta usingizi inauondoa.

Sisi tusio na pampu

Tuseme ukweli, kwa kaya nyingi za kwetu pampu hizi haziko karibu. Ni ghali, zinahitaji daktari bingwa na muuguzi wa kufuatilia, na uji wenyewe unataka jokofu. Basi kwa nini nimekueleza yote haya? Kwa sababu pampu imetufundisha ugonjwa wa usiku unatoka wapi, na mafunzo hayo hayauzwi.

Kwanza, mueleze daktari habari za usiku. Chukua daftari la mtoto la shule, na kwa siku saba andika: kidonge cha mwisho saa ngapi, chakula cha usiku saa ngapi na kilikuwa nini, ameita kugeuzwa saa ngapi, msalani mara ngapi, mguu umekaza saa ngapi, kidonge cha asubuhi saa ngapi na ametembea baada ya dakika ngapi. Daktari akiona kwamba kila usiku taabu inaanza saa nne baada ya kidonge cha mwisho, amekwishapata nusu ya jibu. Anaweza kusogeza kidonge cha mwisho karibu na kulala, au kutoa kile cha levodopa kinachoyeyuka taratibu (hicho hakisagwi wala hakitafunwi). Pengine atashauri kidonge kiwekwe kando ya kitanda pamoja na maji kwa ajili ya saa tisa. Kipo pia kibandiko cha rotigotini kinachobandikwa kwenye ngozi kwa saa 24. Hicho nacho ni mtiririko bila pampu, na katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011 kilipunguza ugumu wa asubuhi na taabu za usiku. Yote haya anayaamua daktari. Usijiongezee wala kujipunguzia.

Chakula kizito cha nyama kitangulie mapema, na kidonge kimezwe nusu saa au saa nzima kabla ya chakula. Choo kisifunge, maana tumbo lililofunga huzuia dawa. Chai na kahawa ya jioni ziachwe.

Kitanda nacho ni dawa. Godoro lililobonyea katikati ni shimo, mgonjwa hatoki. Liwe gumu kiasi. Wataalamu wa Ulaya hushauri nguo za hariri ili mwili uteleze wakati wa kujigeuza. Hariri kwa wanaume tunajua hukumu yake, ingawa Mtume (S.A.W.) aliwapa ruhusa masahaba wawili waliokuwa na maradhi ya ngozi. Lakini hatuna haja ya kufika huko. Satini ya dukani si hariri, nayo inateleza vizuri. Tandika kipande chake katikati ya kitanda tu, chini ya mgongo na makalio, na miguuni uache shuka ya pamba ili nyayo zipate pa kukanyagia. Mfundishe kukunja magoti kwanza, kisha kuyaangusha upande, halafu mabega yafuate. Ambaye hawezi kabisa ageuzwe kila baada ya saa mbili au tatu, na ngozi yake ikaguliwe matakoni na visiginoni, kwani kidonda cha kulala huanza na wekundu tu, na kwenye ngozi nyeusi huanza na doa lililoiva kuliko pembeni yake.

Taa ndogo iwake usiku. Chandarua kichomekwe na mtu mwingine, na upande wa kutokea uwe mmoja anaoujua. Chombo cha haja ndogo kiwe karibu, ili asianguke gizani akikimbilia msalani.

Na mke je, au yule binti anayelala naye chumba kimoja? Watoto wa kiume wapeane zamu. Kumgeuza baba saa nane za usiku si kazi ya wanawake peke yao.

Sasa nikutahadharishe na jambo moja zito. Mgonjwa akitapika, dukani ataandikiwa metoklopramidi. Akiona maruweruwe au akikosa usingizi na kupiga kelele, huenda akachomwa haloperidoli. Dawa zote mbili huziba mlango wa dopamini, na mzee aliyekuwa akitembea kwa fimbo kesho yake hainuki. Kabla ya dawa yoyote mpya sema kwa sauti: mgonjwa huyu ana Parkinson.

Swaumu, udhu na Sala

Ramadhani ikifika wazee wetu huwa wagumu. Anasema atameza daku na futari, basi. Ndugu msomaji, huko ni kuongeza ukame wa mchana juu ya ule wa usiku. Tena kuiacha levodopa ghafla kunaweza kuleta ukakamavu mkali wa mwili mzima pamoja na homa kali, na watu hufa kwa hilo. Aya za swaumu katika Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa waziwazi na kumpa ruhusa. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, wanazuoni wamesema alishe masikini kwa kila siku. Mpangeni dozi na daktari kabla mwezi haujaandama, si siku ya kwanza ya mfungo saa nane mchana.

Na aliye na kibandiko au pampu ya chini ya ngozi? Jopo la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, lilisema kuwa sindano za tiba za ngozi, msuli au mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kumlisha mgonjwa, na likataja pia vibandiko vya dawa. Ule uji unaomiminwa katika utumbo ni jambo jingine, na mwenye nao amuulize sheikh wake akimueleza dawa inapita wapi. Kwa udhu, penye bandeji hupanguswa. Anayetokwa na mkojo bila kujizuia hujisafisha, hujifunga kitambaa safi na kutawadha kila unapoingia wakati wa Sala, kisha asali bila wasiwasi. Asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, asiyeweza kukaa asali kwa ubavu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomuelekeza Imran bin Huswayn aliyekuwa na bawasiri.

Kwa anayetaka kusali Alfajiri akiwa ameketi lakini mwili haujafunguka, mpe kidonge chake cha asubuhi angali kitandani, kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya kumwinua. Andika kwenye lile daftari saa aliyokimeza na saa aliyoinuka, umpelekee daktari siku ya kliniki.

Wallaahu a'alam.